Mlonge ni Mboga, si Mganga

Maneno haya yalisemwa mbele ya wananchi wa Nzuguni, Dodoma, kabla ya siku za Nanenane.



Leo hatukuja kuuza kadi wala kuomba kura. Tumekuja kuzungumza nanyi habari za unga wa majani ya mlonge, ambao wengine huuita dawa lishe. Siku za Nanenane zinakaribia, na ninyi mwajua kuliko sisi mambo yanavyokuwa hapa kwenu kuanzia tarehe 1 Agosti hata tarehe 8. Viwanja hujaa watu wa kila mkoa, na katikati ya matrekta na ng'ombe wa maonyesho kuna meza zimepangwa vikopo na mifuko ya unga wa kijani. Mwenye meza ana kipaza sauti. Atakuambia kwamba unga huu hutibu kisukari, presha, vidonda vya tumbo, macho, magoti na nguvu za kiume, na akiona bado unasitasita atasema hutibu magonjwa 300.

Sisi tulipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mtoto akikuletea jibu, usikimbilie kuweka alama ya kosa wala ya sahihi, bali umwulize kwanza amelipataje. Basi na tumwulize bwana huyu.

Kwanza tuutendee haki mti wenyewe. Asili yake ni India, chini ya milima ya Himalaya, lakini umekwisha kuwa mwenyeji wetu. Huvumilia ukame. Sisi wa Dodoma mvua yetu ni ya msimu mmoja, na tangu Juni hata Novemba mchicha wa sokoni huwa mchache na ghali. Mlonge ulio nyuma ya nyumba, ukimwagiwa maji yaliyooshea vyombo na kukatwa vichwa ili usirefuke kama mnazi, utaendelea kuchipua. Majani yake huliwa, maua huliwa, na matunda yakiwa machanga hupikwa. Hapa hatuna ugomvi na mtu.

Tena kukausha majani na kuyatwanga si elimu iliyokuja na kipaza sauti. Mama zetu wa Ugogo wamekausha mlenda na mboga za porini tangu zamani, wakatwanga, wakaweka akiba, na kiangazi kilipokuwa kikali walisonga ugali wa uwele au wa mtama wakapika mlenda ule. Hakuna bibi aliyesimama barazani akatangaza kwamba mlenda hutibu kisukari. Ulikuwa mboga, ukaheshimiwa kama mboga. Twashangaa kwamba unga wa mlenda wauzwa kwa bei ya mboga, na unga wa mlonge, kwa kuwa umetiwa katika kopo lenye picha, wauzwa kwa bei ya dawa.

Sasa tupige hesabu kidogo, maana hapo ndipo wengi tunapopotezwa. Mwuzaji husema kwamba unga wa mlonge una kalsiamu mara 17 kuliko maziwa. Je, asema uongo? Hasemi uongo. Gramu 100 za unga zina kalsiamu kama miligramu 2,000, na gramu 100 za maziwa zina miligramu 120 hivi. Gawanyeni mtaona. Lakini nani kati yenu amekula gramu 100 za unga ule kwa siku moja? Mtu hula kijiko kimoja cha mezani kilichojaa, nacho ni gramu 8. Gramu 8 zina kalsiamu miligramu 160. Kikombe kikubwa cha maziwa, robo lita, kina miligramu 300. Basi ile mara 17 yote, ikifika mdomoni, ni nusu ya kikombe cha maziwa. Ni kitu chema kwa mtu asiye na ng'ombe, lakini si muujiza.

Protini ni vivyo hivyo. Unga huo una gramu 27 katika kila 100, na mtu atakuambia umeshinda nyama. Kijiko kimoja kina gramu 2 na kidogo, na yai moja la kuku lina gramu 6.

Hesabu ya tatu twaomba mama wajawazito waisikilize kuliko wote. Kliniki hutoa kidonge chenye madini ya chuma na foliki kwa ajili ya kuzuia upungufu wa damu. Kidonge kile kina chuma takriban miligramu 60. Kijiko cha unga wa mlonge kina miligramu 2 na robo. Ili kukifikia kidonge kimoja, mama atakula vijiko 27 hivi kwa siku, na hapo tumbo litamwendesha kabla hajafika nusu. Zaidi ya hayo, chuma ya majani haiingii mwilini yote, kwa sababu ndani ya majani mna vitu vinavyoishika isitoke. Kwa hiyo mama anayeambiwa atupe vidonge anunue kopo anauziwa upungufu wa damu kwa fedha yake mwenyewe. Twasema hivi kwa ukali kwa sababu mwanamke mwenye damu chache akivuja damu wakati wa kujifungua hana akiba ya kutoa.

Lipo jambo la kufurahisha hapa. Watafiti wa kile kituo cha mboga cha dunia, ambacho kwetu kina ofisi Arusha, waliona kwamba majani ya mlonge yakichemshwa, chuma yake hupatikana kwa urahisi zaidi, karibu mara 3. Basi mama anayepika majani pamoja na karanga, akala na ugali, anapata zaidi kuliko bwana anayekoroga unga katika maji baridi kama alivyoelekezwa kwenye kopo. Sufuria imelishinda kopo.

Sasa tuje kwenye usalama. Watu husema, "Ni majani tu, hayana kemikali." Ndugu zetu, tumbaku nayo ni majani. Mti mmoja waweza kuwa na chakula juu na sumu chini, na mlonge ni mti wa namna hiyo. Majani, maua na matunda machanga ni chakula. Mizizi na gome lake ni kitu kingine. Vina sumu inayoweza kudhuru mishipa ya fahamu na kuharibu mimba, na huko India wako walioitumia mizizi hiyo kwa makusudi hayo hayo. Kwa hiyo mwanamke mwenye mimba asiguse mzizi wala gome, wala mfuko wa unga uliochanganywa ambao mwuzaji hawezi kusema umetoka sehemu gani ya mti.

Mbegu zatafunwa sana hapa kwetu, asubuhi mbili, jioni mbili, ati zashusha presha. Kazi ya mbegu iliyothibitika vizuri ni nyingine. Ukizimenya, ukazitwanga, ukazikoroga katika maji ya tope, tope hushikana likazama chini na maji yakang'aa. Wanawake wa vijiji vya Sudan walikuwa wakisafisha maji ya Nile kwa njia hiyo. Hata hivyo yale maji sharti yachemshwe, maana maji kung'aa si maji kuwa salama. Habari hii yatosha, maana leo hatukuja kwa ajili ya maji.

Kuhusu kisukari tuseme ukweli wote. Wako watafiti walioona majani ya mlonge yakishusha sukari kidogo baada ya chakula, lakini majaribio yale yalikuwa ya watu wachache, na hayamruhusu mtu yeyote kutupa dawa zake. Na kama majani kweli yashusha sukari, au yashusha presha, basi mgonjwa anayemeza kidonge na kula unga mwingi pamoja aweza kushuka kupita kiasi akaanguka. Ndiyo maana sharti amwambie daktari. Wengi hawasemi. Huona haya, au huogopa kufokewa, na wako wahudumu wengine ambao kweli hufoka. Twawaomba wahudumu nao wajirekebishe, kwani mgonjwa akifokewa mara moja hatasema tena.

Mzee mmoja wa jirani, ambaye jina lake tunalificha kwa heshima yake, aliambiwa mezani kwamba akimaliza makopo matatu ataaga vidonge vya kisukari. Akauza mbuzi, akanunua makopo matatu, akaviaga vidonge. Kopo la kwanza alijisikia kijana. Kopo la pili alipata kidonda mguuni. Kopo la tatu hakulimaliza, kwa kuwa alikuwa amekwisha kulazwa, na alirudi nyumbani bila vidole viwili vya mguu. Unga ule huenda ulikuwa safi kabisa. Haukumkata vidole. Kilichomkata ni vile vidonge alivyoviacha kabatini.

Tena haya si mageni katika nchi yetu. Mwaka 2011 watu walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Kikombe kile hakikusemwa kuwa sumu. Lakini watu waliwatoa wagonjwa wao hospitali na kuwasafirisha katika barabara mbaya, wengine wakafia katika foleni, na wako walioacha dawa za UKIMWI na za kifua kikuu wakiamini wamepona. Mwenye kujua hayo hatauliza tu kama dawa ile yadhuru. Atauliza pia mtu yule ameacha nini kwa sababu yake.

Kuna hatari nyingine ambayo sisi wa Dodoma hatuna ruhusa ya kuisahau. Mwaka 2016 watu 68 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 wakafa, kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi. Ukungu ulikuwa umeota katika chakula kilichokaushwa na kuhifadhiwa vibaya. Mahindi si mlonge, lakini ukungu hauchagui kabila. Majani yaliyoanikwa chini, kuku wakipita juu, yakasagwa kabla hayajakauka vizuri na kufungwa katika mfuko wa plastiki, yaweza kufuga ukungu na vijidudu. Mwaka 2025 huko Marekani watu waliugua kwa vijidudu vya Salmonella vilivyokuwa katika unga wa majani ya mlonge ulionunuliwa kutoka nje. Kama yametokea kwao wenye mashine, yaweza kutokea kwetu wenye turubai.

Mwenye kutaka unga mzuri atengeneze mwenyewe. Chuma majani asubuhi, yaoshe kwa maji safi, yatandaze juu ya wavu au chekecheo lililoinuliwa kutoka chini, ndani ya chumba chenye hewa, kivulini. Tena twasema kivulini, maana jua kali hula vitamini A, na vitamini A ndiyo mali kubwa ya majani haya. Yageuze kila siku. Yakivunjika mkononi kama jani la kiangazi, yasage, uyatie katika chombo kikavu kinachofunga, mbali na mwanga. Ukinusa uvundo, tupa. Anayeanza kula aanze na kijiko cha chai, akitie katika uji au mboga moto. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 asipewe, maana yeye chakula chake ni maziwa ya mama tu.

Msifikiri tumekuja kuwaharibia wauzaji soko. Wengi wao ni mama zetu wa vikundi, wanaotafuta ada za watoto. Lakini sheria ipo, tena si ngumu kuielewa. Chakula chasimamiwa na Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019. Dawa za asili zasajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililotokana na sheria ya mwaka 2002. Mwenye kusema unga wake ni chakula aonyeshe alama ya TBS, na kikundi kidogo kisichojua pa kuanzia kiende SIDO. Mwenye kusema ni dawa aonyeshe cheti cha Baraza. Yuko wa tatu, ambaye mkaguzi akija husema ni chakula, na wewe ukija husema ni dawa. Huyo ndiye tunayewatahadharisha naye.

Basi mkifika mezani pake, ulizeni kwa adabu. Ni sehemu gani ya mti? Umekaushwa wapi, na lini? Alama iko wapi? Na je, nikiutumia niendelee na vidonge vyangu vya hospitali? Akijibu swali hilo la mwisho kwa kusema, "Acha vidonge," rudisheni kopo mezani mwende zenu, hata kama mmekwisha kutoa fedha mfukoni.

Vijana wenzetu wameleta matawi ya mlonge ya kupanda, yako pale chini ya mti, hayauzwi. Kila nyumba ichukue moja. Mashimo yachimbwe kabla ya mvua, mbali na choo, na mti ukifika urefu wa mtu ukatwe kichwa ili utoe matawi ya chini ambayo mama aweza kuyafikia bila ngazi. Sasa mwenye swali asimame, na tungependa wazee waanze.