Ukingo wa Tana Jua Linapozama: Kuchagua Mahali Patulivu pa Kupigia Picha za Watu Garissa

Maharusi wengi wa hapa, pamoja na wahitimu wa Chuo Kikuu cha Garissa, wakitaka picha za machweo huwaza Malindi au Lamu. Rai ninayoitetea ni kwamba kwa picha ya aina hiyo ukingo wa Mto Tana unaifaa kazi kuliko sehemu kubwa ya ufuo wa bahari. Pwani ya Kenya inatazama mashariki: jua huchomoza baharini na, isipokuwa kwenye hori na mikondo michache, huzama nyuma ya minazi na majumba. Tana nao hupita hapa ukielekea kusini, mji ukiwa ukingo wa mashariki na Madogo ng'ambo. Anayesimama upande wa Garissa huwa na maji mbele yake na jua juu ya maji.

Lakini mto haumsaidii asiyejua hesabu ya jua. Tuko karibu nusu digrii tu kusini mwa ikweta, hivyo jua hushuka karibu wima, digrii moja kila dakika nne. Dakika ishirini kabla ya kuzama huwa limebaki digrii tano, na kivuli cha mtu hufika mara kumi na moja ya kimo chake. Hapo ndipo nuru hulainika usoni, na muda wenyewe ni mfupi. Sasa tazama ng'ambo: mkoma wa mita 15 ulio umbali wa mita 100 huficha jua likiwa bado digrii nane juu, yaani nusu saa nzima kabla ya machweo. Kwa hiyo ukingo wa kuchunguzwa kwanza ni ule wa pili, si huu tunaosimama. Tafuta pengo kwenye miti, ukikumbuka kwamba pengo la Juni si la Desemba, maana jua huhama digrii 23 na nusu kaskazini na kusini mwa magharibi halisi. Maji yanapopungua, mchanga uliobaki wazi huakisi nuru kutoka chini na kumulika macho na kidevu. Ni riflekta isiyolipiwa, na ngozi nyeusi iliyopigwa jua kwa ubavu hunufaika nayo sana.

Wapo watakaosema kwamba saa hiyo ni ya Magharibi, na mteja hatakubali kuikosa sala. Pingamizi hili ni zito, ila linaipa kazi yetu mpaka mzuri. Nuru ninayoizungumzia hutangulia adhana. Mwanzoni mwa Novemba jua huzama kama saa 12:08 jioni, katikati ya Februari kama saa 12:40. Mpiga picha aanze nusu saa kabla na afunge kamera kabla ya mwadhini kuanza. Ramadhani, familia ikijiandaa kufuturu, miadi ya jioni isiwekwe kabisa.

Pingamizi la hatari halijibiwi kwa maneno matamu. Mamba wamo mtoni, na viboko hutoka majini jioni kwenda malishoni. Aprili 2024 mafuriko yalikata barabara kati ya Madogo na Garissa, na mashua iliyokuwa ikivusha watu ikapinduka, watu wakafa. Mabwawa ya juu, kuanzia Masinga hadi Kiambere, yakifurika, maji huweza kupanda hapa hata kama mvua haijanyesha mjini. Picha ipigwe juu ya ukingo, mbali na maji, na msimu wa mafuriko kazi ihamie kwenye shamba la maembe lenye uwazi wa magharibi, kwa idhini ya mwenyewe.

Utulivu nao una masharti yake. Malka wanakonyweshea ngamia na mbuzi si pa kufungwa kwa ajili yetu: wafugaji wana haki ya maji kabla yetu, na wanawake wanaofika kuteka wasiingizwe kwenye picha bila ridhaa. Faragha inalindwa na Ibara ya 31 ya Katiba. Jirani na daraja usipige picha; penye polisi, kamera huleta maswali ambayo bibi harusi hapaswi kuyajibu. Mwombe ruhusa mwenye shamba mchana, pitia njia na mteja kungali na mwanga, ukague miiba ya mathenge, kwani pindo la diraki hunasa upesi.