Saa 310 Angani, Usiku Mmoja Juu ya Bahari: Rubani Mchanga na Ajali ya Martha's Vineyard

Usiku wa Ijumaa, tarehe 16 Julai 1999, ndege ndogo aina ya Piper Saratoga ilitumbukia baharini karibu na kisiwa cha Martha's Vineyard, jimbo la Massachusetts, Marekani. Walikufa wote watatu waliokuwamo: rubani John F. Kennedy Jr., mtoto wa rais aliyeuawa mwaka 1963, mkewe Carolyn, na shemeji yake Lauren Bessette. Safari ilikuwa ya kwenda harusi katika ukoo, na harusi haimsubiri mtu.

Magazeti yalijaa habari za mkosi wa akina Kennedy. Mada hii inauacha mkosi kando na kulifungua daftari la rubani.

Kennedy alipata leseni ya rubani binafsi mwaka 1998. Hadi siku ya ajali alikuwa ameruka takriban saa 310, hesabu ambayo si haba kwa mtu arukaye kwa mapenzi yake. Ukizichambua saa hizo, picha hubadilika. Ni 55 tu zilizokuwa za usiku. Katika ndege ile mpya kwake alikuwa na saa zipatazo 36, nyingi akiwa na mkufunzi pembeni. Alizoirusha usiku bila mkufunzi hazikufika hata saa moja. Kibali cha kuruka kwa kutegemea ala za ndege pekee, bila kuona nje, hakuwa nacho. Masomo ya kibali hicho aliyafikisha nusu.

Safari ilichelewa. Jua lilikuwa limekwisha kuzama walipopaa kutoka New Jersey saa 2 na dakika 38 usiku. Mkufunzi wake mmoja alijitolea kwenda naye. Kennedy alijibu kuwa anataka kuruka peke yake. Ni jibu la kawaida sana, na ndiyo maana linatisha. Kila rubani mchanga hutamani siku ya kujitegemea, na haoni kwamba giza, ukungu mwepesi na maji mapana vikikutana usiku mmoja, huo si usiku wa kujipima.

Dhoruba haikuwapo, na sheria ilimruhusu kuruka. Alifuata pwani ya Connecticut, ambako taa za miji humsaidia rubani kujua ardhi iko wapi. Baada ya Point Judith, jimbo la Rhode Island, aliiacha pwani akakata moja kwa moja juu ya bahari. Hapo taa ziliisha. Mbingu na maji vikawa weusi mmoja, pasipo mstari wa upeo.

Katika hali hiyo mwili hudanganya. Ndani ya sikio mna mifereji yenye majimaji yanayotupa habari za kugeuka kwetu. Ndege ikikata kona taratibu kwa sekunde kadhaa, majimaji hutulia, na rubani huhisi yuko sawasawa ilhali bawa limelala na ndege inaanza kushuka. Akivuta usukani ili asiendelee kushuka, huku bawa bado limelala, huizidishia kona. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwajaribu wanafunzi 20 wa urubani wasiojua ala, wakawazuia kuona nje: wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege, baada ya wastani wa sekunde 178.

Rada ilionyesha Saratoga ikishuka kutoka futi 5,500, ikipanda kidogo, ikigeuka huku na huku, kisha ikiporomoka kwa kasi iliyozidi futi 4,700 kwa dakika. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani iliamua mwaka 2000 kwamba rubani alipoteza udhibiti kwa kupotewa na mwelekeo, katika ukungu na giza. Hakuna hitilafu ya mashine iliyobainika. Hata mfumo wa kuiendesha ndege bila mkono wa rubani ulikuwamo.

Basi swali la kujadiliwa na wakufunzi ni hili: leseni inapima nini? Marekani humdai mwanafunzi saa 3 za mafunzo ya usiku na saa 3 za ala, kisha humfungulia anga la giza. Uingereza hudai kibali cha pekee cha usiku juu ya leseni. Mada hii inapendekeza hatua zaidi: rubani asiye na kibali cha ala asivuke maji mapana usiku akiwa na abiria mpaka awe ameipita njia hiyo hiyo, gizani, katika aina hiyo hiyo ya ndege, mkufunzi akiwa kiti cha pili.