Gasketi za Heda na Moshi Uingiao kwa Dereva

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa karakana na madereva)



Tumepewa nafasi ya kusema habari za gasketi za ekzosi, hasa zile za heda. Huenda mtu akauliza, watu wa reli wana nini na heda za motokaa? Reli si treni tu. Kuna malori na pikapu za kuchukulia mafundi njiani, tena wengi wetu siku ya Jumamosi hutengeneza gari za majirani tupate karo ya watoto. Na iko sababu nyingine. Madereva wawili tunaowajua, waliokuwa wakiendesha gari la mwajiri mmoja, waliumwa kichwa na kutapika kila safari ya mvua, vioo vikiwa vimefungwa. Wakaambiwa ni malaria. Walipimwa mara mbili, malaria haikuonekana. Gari ndilo lililokuwa likivuja penye kichwa cha injini, na msimamizi alikuwa amemwambia fundi, "Paka silikoni tu, gari litoke."

Moshi wa petroli una gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Damu huishika gesi hii kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni, kwa hiyo hata kidogo kikivutwa saa nyingi humlegeza mtu, na kingi huua. Harufu ya moshi mnayoisikia ni ya vitu vingine. Msiposikia harufu msiseme tumesalimika. Gari nyingi za siku hizi zina katalisti, lile kopo la kusafishia moshi. Lakini flenji ya heda iko kabla ya kopo hilo. Moshi utokao hapo haujasafishwa hata kidogo, nao hutoka karibu na ukuta wa injini, penye matundu ya nyaya na njia ya hewa ya dereva.

Heda ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa kwenye flenji, kila silinda na bomba lake, kisha huungana huko chini. Manifoldi ya kiwandani mara nyingi ni ya chuma cha kusubu, nene na nzito. Heda ni nyepesi, hupata moto upesi na kupoa upesi, na flenji yake ikiwa nyembamba hupinda kati ya bolti na bolti. Ndiyo maana heda huvuja kuliko manifoldi ya zamani. Mkinunua, tazameni flenji kwanza, mambo ya rangi baadaye. Unene wa milimita 10 hivi ni mzuri. Ile ya milimita 5 au 6 itawapa kazi.

Wazee wetu wa injini za mvuke walilijua jambo hili kwa njia yao. Mlango wa kisanduku cha moshi usipofunga sawasawa, hewa ya nje huvutwa ndani, moto hukosa mvuto, na mvuke hushuka. Zile Garratt za 59 Class zilizokuja mwaka 1955 zilikuwa na nguvu za ajabu, lakini hata hizo zisingepanda vizuri kutoka pwani kama kisanduku cha moshi kinavuta hewa. Heda nayo ni vivyo hivyo. Moshi hutoka kwa mapigo, si mfululizo, na kati ya pigo na pigo hewa yaweza kuvutwa ndani kupitia ufa. Sensa ya oksijeni ikiionja hewa hiyo hudhani petroli ni haba, na kompyuta huongeza petroli. Mwenye gari anaona petroli inaisha, anabadili plagi, anabadili sensa, na ufa uko pale pale.

Sasa kuchagua. Dukani mtaonyeshwa namna nyingi. Iko ya karatasi ngumu yenye bati ndani: bei yake ndogo, hujaza mashimo madogo, lakini bolti zikilegea kidogo tu huungua. Iko ya grafiti, nyeusi na laini, ambayo hubonyea sana na kuivumilia flenji iliyopinda kidogo. Hiyo ishikeni kama yai, maana huvunjika mkononi, na ikiisha kukazwa haifai kurudiwa. Iko ya tabaka za chuma, ambayo hudumu sana, ila hutaka uso ulionyooka na laini. Mkiiweka juu ya flenji iliyopinda mmetupa fedha.

Halafu iko shaba, na hii sisi twaipenda. Shaba ikikazwa na kupata moto mara nyingi hugeuka ngumu, lakini yaweza kulainishwa tena. Ichomeni hadi iwe nyekundu hafifu, kisha itumbukizeni katika maji au iacheni ipoe yenyewe. Shaba si kama feleji. Maji hayaifanyi ngumu, tena huondoa lile gamba jeusi. Baada ya hapo hukunjika kwa kidole. Gasketi moja ya shaba ikitunzwa yaweza kutumika mara kadhaa.

Kwa gari la kazi lenye manifoldi yake ya kiwandani, shauri letu ni kununua gasketi ya namna ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Kwa heda iliyokwisha tumika, grafiti au shaba laini. Vyovyote iwavyo, ilazeni gasketi kwanza juu ya kichwa cha injini, kisha juu ya heda, mkitazama matundu. Tundu la gasketi liwe kubwa kuliko matundu yote mawili kwa milimita moja au mbili kila upande. Ukingo ukijitokeza ndani ya njia ya moshi huungua, na ukianza kuungua haukomi. Na msikate gasketi ya ekzosi kutoka karatasi ya pampu ya maji. Tumeiona hiyo ikifanywa, na haikufika jioni.

Ziko injini zenye tabia yake. Chukueni ile 2F ya petroli ya Toyota Land Cruiser ya zamani, silinda sita, lita 4.2. Njia ya kuingiza hewa na njia ya kutoa moshi zote ziko upande mmoja, zikitumia gasketi moja, na baadhi ya stadi zina washa nene inayokanyaga flenji mbili kwa pamoja. Mtu akifunga heda yenye flenji nyembamba kuliko flenji ya upande wa hewa, washa hukaa mshazari: hukaza upande mmoja na kuuacha mwingine. Gari litalia tik-tik hata mkiweka gasketi mpya kila mwezi. Pimeni unene wa flenji zote mbili kabla ya kufunga. Zikitofautiana, ile nene ichongwe au washa itengenezwe yenye ngazi.

Uso wa kichwa uwe safi kama sahani. Kichwa cha aluminiamu kisiparuzwe kwa tindo wala kwa jiwe la kuzunguka. Wekeni rula ya chuma iliyonyooka juu ya flenji, mjaribu kupitisha fila geji chini yake. Kitabu cha injini ndicho hukimu. Heda ikizidi kipimo ipelekwe kwenye mashine. Kuinyoosha kwa nguvu ya bolti ni kukata stadi, na kumtoa stadi aliyekatika ndani ya aluminiamu ni kazi ya siku nzima na matusi mengi.

Habari ya silikoni, tuseme wazi. Ile ya rangi ya shaba, iliyo kali kuliko zote za dukani, huandikwa kwamba huvumilia nyuzi 370 hivi, tena kwa muda mfupi. Moshi utokao silindani katika injini ya petroli iliyobeba mzigo waweza kupita nyuzi 700. Basi silikoni haiwezi kuwa gasketi. Gasketi ya tabaka za chuma haitaki kitu chochote, wala ya grafiti. Kwenye shaba au karatasi, utando mwembamba wa kushikilia gasketi wakati wa kufunga si vibaya, nao uwe ule ulioandikwa kwamba hauharibu sensa. Pahali pamoja dawa hutakiwa kweli: katika baadhi ya injini tundu la stadi hufika kwenye maji. Hapo meno ya stadi yapakwe dawa ya kuzuia maji, ama mtashangaa maji yanakwenda wapi.

Kukaza huanza katikati kwenda nje, kwa awamu tatu, kwa toki renchi. Bolti nyingi za milimita 8 hukazwa kama Nm 20 hadi 25, lakini tena kitabu ndicho hukimu. Mkipaka grisi ya shaba kwenye meno, jueni kwamba bolti hukaza zaidi kwa kipimo kile kile. Washeni injini nje, si ndani ya karakana. Iache ipate moto, ipoe kabisa, kisha gasketi ya karatasi irudiwe kukazwa. Asubuhi yake sikilizeni injini ikiwa baridi: tik-tik inayopotea chuma kikipata moto ni dalili ya kuvuja, na masizi meusi penye flenji huonyesha ni wapi.

Limebaki jambo la asbesto. Gasketi nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, na bado waweza kuzikuta katika sanduku la akiba au chini ya manifoldi ambayo haijafunguliwa miaka mingi. Vumbi lake huleta kansa ya mapafu, na ugonjwa waweza kujitokeza baada ya miaka 20 au 40, mtu akiwa amekwisha staafu. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1999. Msiikwaruze kavu, wala msiipulize kwa hewa ya kompresa. Iloweshwe, itolewe ikiwa na maji, ifungwe katika mfuko. Sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe pahali pa kazi pana usalama, na inamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa akiiona. Msimamizi akisema puliza tu, andikeni jina la gari, tarehe na maneno yake, mkampe Katibu siku ile ile.

Tumeleta gasketi nne, zipitisheni mikononi. Ya shaba ikunjeni mwone. Ya grafiti taratibu. Ile ya kijivu iliyo ndani ya mifuko miwili ya nailoni itazameni tu, msiifungue.