Uzito Kabla ya Moto: Mazungumzo na Walaji wa Kata ya Nyanungu

 

Katika lugha ya sheria, mtu anunuaye bidhaa au huduma kwa matumizi yake mwenyewe huitwa mlaji. Wengi hulicheka neno hilo, kwa kuwa anunuaye bati au redio hali chochote. Leo neno limepata mahali pake, maana nimekuja kuzungumza juu ya kula hasa.

Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, na tangu wakati huo Nyamongo imeota migahawa, baa na vibanda vya chipsi. Sirari na Tarime mjini hali ni hiyo hiyo, na vijana wetu walioko Mwanza husimulia kumbi za chakula zenye viyoyozi. Sikuja kuwakataza kwenda huko. Mfugaji wa Nyanungu hupata soko, na binti wa hapa hupata kazi. Lakini mahali papya pana jambo moja: mwenye nyumba hamjuani, na bei zake hamjazizoea.

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliingia na mjomba wangu katika baa mpya ya mji mmoja ambao sitautaja. Tukaagiza kilo moja ya mbuzi choma. Ilipoletwa sahani, mjomba aliitazama, kisha akanitazama mimi mwenye shahada. Tukamwita mhudumu. Akajibu kwa upole: "Kilo ilikuwa mbichi, mzee." Nasi hatukuwa na la kusema, kwa sababu ni kweli kwamba nyama hupoteza maji na mafuta ikichomwa, yaweza kupungua robo ya uzito, hata theluthi. Huenda tuliibiwa, huenda hatukuibiwa. Tulilipa bila kujua, na hilo ndilo lililoniuma.

Kwa hiyo nawaomba: nyama ipimwe mbele yako ikiwa mbichi. Ikishaingia motoni, ushahidi wako umeungua. Tazama kwanza kama mizani inaonyesha sifuri kabla ya kuwekewa chochote, na kama ina stika ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu. Uliza bei ni ya kilo au ya sahani. Uliza kama ndizi au ugali umo katika bei hiyo. Na kwa wale wa Sirari, uliza shilingi inayotajwa ni ya Tanzania au ya Kenya. Swali hilo laonekana la kitoto mpaka siku utakapolipa.

Kuhusu nyama yenyewe nitakaa kidogo zaidi, kwa sababu fedha hutafutwa tena, uhai hautafutwi. Sisi tunaishi kando ya Serengeti, na kimeta ni ugonjwa wa wanyama wa porini na wa zizini pia. Mnyama aliyekufa mwenyewe haliwi, hata akichemshwa mchana kutwa, kwani mbegu za kimeta hustahimili moto wa jikoni. Mgahawa wenye nyama rahisi kuliko bucha zote za jirani unakudai swali moja: imetoka wapi? Omba kuonyeshwa muhuri wa mkaguzi kwenye paja. Kichuri nacho, ambacho mimi nakipenda kuliko ninavyopaswa kukiri nikiwa kazini, kitoke katika mnyama aliyekaguliwa, na kiive sawasawa.

Kinywaji kifunguliwe mbele yako. Pombe za viroba zilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Machi 2017. Ukiuziwa leo, muuzaji anavunja sheria.

Ukidhulumiwa, dai risiti kwanza, kwa maana malalamiko yasiyo na karatasi hugeuka kuwa ugomvi. Mizani yenye kasoro ni kazi ya Wakala wa Vipimo. Usalama wa chakula, tangu mwaka 2019, uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, na bwana afya wa eneo lako aweza kuanza nawe. Bei au tangazo la uongo linakatazwa na Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, na hupelekwa Tume ya Ushindani.

Najua kinachowazuia wengi wenu kuuliza, nacho si ujinga. Ni aibu. Mtu mzima ameketi na wakwe zake. Akisimama kudai mizani, ataonekana bahili mbele ya watu aliokusudia kuwaheshimu. Baadhi ya wenye baa walilifahamu hilo kabla yetu. Basi fanya hivi: wageni wakishaketi, waage kidogo kama mtu aendaye kunawa mikono. Nenda jikoni kwa mchoma nyama, ichague, ipimwe, bei itajwe na iandikwe. Kisha rudi mezani, uendelee na mazungumzo. Mkwe wako hatajua ulikuwa wapi.

Nimekuja na mizani iliyohakikiwa; iko pale chini ya mwembe, pamoja na mawe ya kilo moja na nusu kilo. Mwenye kutaka kujifunza kuisoma asogee. Na mwenye risiti anayoitilia shaka asiondoke nayo, tuitazame pamoja.