Tumpokee Mwalimu Ili Naye Ampokee Mtoto

(Hotuba kwa walimu wakuu, halmashauri za shule za msingi na viongozi wa vikundi vya kujisaidia kabla ya muhula wa kwanza)



Nimeombwa niseme machache juu ya kufungua shule. Wengi wetu tukisikia shule zinafunguliwa tunawaza sare, viatu na madaftari. Ni haki yetu kuwaza hivyo, maana Januari tunaijua, hata watu wanaitania kwa kuiita Njaanuari. Lakini leo nataka tumtazame mtu ambaye huwa tunamsahau, naye ni mwalimu. Neno langu ni moja tu: mwalimu asiyepokelewa vizuri hataweza kumpokea mtoto vizuri. Na mtoto asiyepokelewa vizuri wiki za kwanza, huyo ndiye utamkuta mwezi wa tatu akichunga mbuzi au akiuza karanga stendi.

Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shuleni hatungoji siku ya tatu. Mwalimu mgeni anashuka kwenye matatu Jumatatu asubuhi, na kabla hajapangusa vumbi anapewa chaki na kuonyeshwa watoto sitini wa gredi ya kwanza. Darasa lililo gumu kuliko yote tunampa mtu ambaye hata choo hajui kiko wapi! Ninyi wa merigoraundi, je, mwanachama mpya humkabidhi kitabu cha hesabu siku anapoingia? Hapana. Kwanza mnamweleza kanuni, kisha anaketi karibu na mwenye uzoefu.

Tukumbuke Januari ya 2003. Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Desemba 2002, na siku chache baadaye shule zikafunguliwa bila karo. Watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka katika shule za msingi nchini. Lilikuwa jambo jema sana. Lakini walimu hawakupata nafasi ya kuketi na kupanga, na madarasa ya chini yakajaa wakubwa kwa wadogo. Hapo tulijifunza kwamba kufungua lango ni kazi moja, na kupokea wanaoingia ni kazi nyingine.

Sasa, mwalimu mkuu awaongoze vipi walimu wake? Nitaeleza wiki kwa wiki.

Kabla ya kufungua. Siku mbili au tatu mapema, mwalimu mkuu na naibu wake waketi na walimu wote. Kila mmoja apate orodha ya watoto wake, ratiba na zamu yake. Mwalimu aliyefundisha darasa mwaka uliopita amweleze anayelichukua: huyu haoni ubaoni vizuri, huyu analelewa na nyanya yake, huyu ni mwepesi wa hesabu lakini haongei. Maneno hayo hayamo katika maazimio ya kazi, lakini yana faida kubwa. Gredi ya kwanza apewe mwalimu mzoefu. Mwalimu mpya apewe mwenzake wa kumshika mkono. Tena tangu 2023 shule nyingi za msingi zina sekondari msingi papo hapo. Walimu wa pande zote mbili waketi pamoja, kwa sababu uwanja ni mmoja na bomba ni moja.

Wiki ya kwanza ni ya kujuana. Mwalimu mkuu asiwakimbize walimu na silabasi. Mtoto ajue jina la mwalimu, na mwalimu ajue jina la mtoto. Aonyeshwe choo, maji ya kunawa, kengele, na njia ya kurudi nyumbani. Watoto wengi wa kijijini huja wakijua lugha ya nyumbani tu, na sera yetu inaruhusu lugha ya mahali itumike kufundishia madarasa ya chini. Kama mwalimu ni mgeni wa lugha hiyo, mama mmoja wa kikundi anaweza kuombwa na mwalimu mkuu aketi naye darasani siku chache. Na jambo la kiboko lisemwe wazi siku ile ya kwanza: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi. Mwalimu kijana asije akaigundua sheria hiyo akiwa tayari matatani.

Wiki ya pili ni ya kusikiliza. Baada ya likizo ndefu ya Desemba watoto wamesahau mengi. Kila mtoto asome kidogo mbele ya mwalimu wake, dakika mbili tu. Darasa likiwa na watoto 60, ukisikiliza 12 kwa siku, Ijumaa umemaliza. Mwalimu aandike: huyu anasoma, huyu anakwama, huyu hajui herufi. Mwalimu mkuu asiyatumie majibu hayo kumgombeza mtu. Akifanya hivyo mara moja, mwaka ujao ataletewa majibu mazuri ya uongo.

Wiki ya tatu mwalimu mkuu aketi na kila mwalimu peke yake, hata kama ni robo saa chini ya mti. Maswali ni matatu: Ni nini kinakwenda vizuri? Ni nini kinakulemea? Ni mtoto gani anakutia wasiwasi? Halafu aingie darasani, akae nyuma, atazame. Sifa zitolewe mbele ya wenzake, na makosa yasemwe kando.

Wiki ya nne ni ya rejista. Walimu wahesabu majina: nani alikuwa hapa muhula uliopita na leo hayupo? Hapa, ndugu zangu wa vikundi, ndipo mnapohitajika sana. Mwalimu hajui njia zote za kijiji, ninyi mnazijua. Orodha isitangazwe sokoni. Watu wawili wenye busara waende nyumbani kwa mtoto kwa upole, waulize kuna nini. Wakiambiwa alirudishwa kwa sababu ya mchango fulani, wajue kwamba sheria hiyo ya 2013 inasema mtoto wa shule ya umma asikataliwe masomo kwa sababu hajalipa malipo mengine yaliyoidhinishwa. Waende kwa mwalimu mkuu wakiwa na neno hilo, bila matusi.

Kuna kazi nyingine za vikundi ambazo hazihitaji harambee kubwa. Fyekeni uwanja na safisheni vyoo kabla ya siku ya kufungua. Mtafutieni mwalimu mgeni chumba chenye mlango unaofungika. Mshahara wa kwanza wakati mwingine huchelewa, basi kikundi kinaweza kumkopesha unga na makaa, na deni liandikwe kitabuni. Na yule anayelipwa na wazazi, halmashauri imwandikie mapema atalipwa kiasi gani, siku gani, na nani. Mwalimu anayewaza atakula nini jioni hawezi kusikiliza watoto 12 wakisoma.

Wengine watasema, "Hiyo ni kazi ya serikali." Kweli, serikali ina sehemu yake, na tuidai. Lakini mtoto anayeacha shule Februari hangoji barua kutoka Nairobi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa shule huonekana katika wiki hizi nne. Tukiuziba sasa, kazi ya mwaka mzima itakuwa nyepesi kwa mwalimu, kwa mzazi na kwa mtoto mwenyewe.



Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika shule yetu, ni nani anayefundisha gredi ya kwanza, na alichaguliwa vipi?

2. Mwalimu mgeni akifika kijijini kwetu, nani humpokea? Analala wapi usiku wa kwanza?

3. Ni watoto wangapi wa kijiji chetu waliokuwa shuleni mwaka jana na sasa hawaendi? Nani atakwenda kuwatembelea, na lini?