Masomo ya Kiangazi The Hague na Maswali ya Delta

(Maneno yaliyosemwa mbele ya washarika na wanaharakati, Wema)



Mmetuuliza waziwazi, na ni haki yenu: kwa nini tuchange nauli ya kijana mmoja kwenda Uholanzi kwa wiki tatu, ilhali mafuriko ya 2023 na 2024 yametuharibia mashamba? Swali hilo hatutalikwepa.

Wakenya wengi huijua The Hague kwa kesi za machafuko ya 2007 na 2008, zilizokwisha bila mshtakiwa hata mmoja kutiwa hatiani kwa machafuko yenyewe. Lakini mji huo una nyumba nyingine, Kasri la Amani, lililofunguliwa mwaka 1913. Humo, tangu 1923, ukiacha miaka ya Vita Vikuu vya Pili, Chuo cha Sheria ya Kimataifa hufundisha wakati wa kiangazi, kwa Kiingereza na Kifaransa. Diploma yake huipata wachache mno. Sisi hatumtumi kijana kutafuta diploma.

Kumbukeni Septemba 2012. Mwezi huo Delta ya Tana iliandikwa katika orodha ya ardhi oevu za Mkataba wa Ramsar, uliotiwa sahihi Iran mwaka 1971. Serikali ikaahidi mbele ya mataifa kuitunza ardhi hii na kuitumia kwa busara. Mwezi huo huo sisi tulikuwa tukizika. Wapokomo na Waorma waliuana kwa ajili ya mashamba, malisho na njia ya kufikia maji, vijiji vikachomwa, na sisi tuliokuwa makaburini hatukuisikia ahadi ile. Hili ndilo linalotuuma.

Ibara ya 2 ya Katiba ya 2010 yasema kwamba mkataba ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria ya Kenya. Basi ahadi ile ni mali yetu pia. Wenyeji wa Delta waliposhtaki, Mahakama Kuu iliamuru Februari 2013 kwamba mipango ya matumizi ya ardhi ifanywe kwa kuwashirikisha.

Hatuwadanganyi: hukumu si shamba. Waogiek walishinda Arusha mwaka 2017, wakaamuriwa kulipwa fidia 2022; na bado Novemba 2023 wengine wao walifukuzwa tena msituni Mau. Kwa hiyo twataka mtu anayejua kufuatilia hukumu hata baada ya siku ya shangwe, naye aje kutueleza kwa lugha yetu.

Kijana huyu ataondoka na maswali yenu, ya mkulima wa mpunga na ya mfugaji kwa pamoja. La sivyo, afadhali abaki. Wazee wa Gasa wamekubali kuketi na wazee wa Kiorma kabla ya safari. Daftari liko mezani kwa katibu. Asiyejua kuandika amwambie, naye ataandika neno kwa neno.