Lori la Jeshi Lenye Gia Otomatiki: Tupime Oili Kabla ya Kushusha Giaboksi

Mada iliyotolewa kwa madereva, utingo na wajumbe wa kamati ya usafiri, Mkuyuni, Morogoro Vijijini



Tumeombwa tuzungumzie lori kuukuu la jeshi, M939 la Kimarekani, lile la tani tano lenye usukani wa kushoto. Wengi wenu mmezoea malori ya gia za mkono. Kwa hiyo hili likisita mlimani husemwa mara moja: "Giaboksi imekufa." Inashushwa, inafunguliwa, spea hazipatikani kwa urahisi, na ndizi na mananasi ya wakulima yanaozea njiani. Sisi wa gereji tunaomba jambo moja: kabla ya kufungua chochote, pimeni oili.

Giaboksi hii ya Allison haina klachi ya kukanyaga. Injini huzungusha kitu kama feni ndani ya oili, na oili hiyo husukuma feni ya pili inayopeleka nguvu kwenye gia. Oili hiyo hiyo hubana klachi za ndani, hulainisha vyuma na hubeba joto. Ikipungua, injini itanguruma na lori halitakwenda, ingawa hakuna chuma kilichovunjika.

Upimaji wake si kama wa oili ya injini. Lori lisimame mahali tambarare, hendibreki ivutwe, gia iwe N, giaboksi iwe imepata moto, na injini iwe inaunguruma taratibu. Ukipima injini ikiwa imezimwa, oili imerudi chini, stiki itaonyesha nyingi nawe utaondoka umeridhika bure. Msizidishe pia, maana ikizidi hutoa povu, na povu halina nguvu ya kubana klachi.

Kisha itazameni na kuinusa. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, mara nyingi kupitia kipoza oili au baada ya kuvuka mto. Msiendelee na safari. Ikinuka kuungua, klachi za ndani zimeanza kwisha, na hapo kweli ni kazi ya fundi. Ikiwa safi na imetosha, tazameni nje kwanza: vyuma vinavyotoka kwenye mkono wa gia, na ile kebo inayounganisha giaboksi na mfumo wa pedali ya mafuta. Kebo ikikwama au kulegea, gia hubadilika kwa wakati usiofaa. Hilo hurekebishwa bila kushusha kitu.

Adui mkubwa ni joto, na milima yetu kutoka Kiroka kuja huku inalijua hilo. Pandeni kwa gia ndogo, msiling'ang'anize lori. Joto likizidi, simameni, wekeni N, injini izunguke kama mara 1,200 kwa dakika kwa dakika mbili tatu. Likivutwa na gari jingine, propela ifunguliwe kwanza. Pampu ya oili huendeshwa na injini. Injini ikiwa imezimwa na matairi yanazunguka, gia zinasagana kavu.

La mwisho ni la uhai wa watu. Tafuteni herufi P kwenye gia za lori hili, hamtaiona. Kuliacha kwenye gia hakulizuii hata kidogo injini ikizimwa, tofauti na lori la gia za mkono. Hendibreki ikilegea, lori litateremka lenyewe kuelekea kwenye nyumba na watoto. Wekeni magogo kwenye matairi kila mnaposimama (na mkiondoka myaondoe barabarani, tafadhali). Na ule mtindo wa kuteremka "frii" ili kuokoa dizeli tunaukataza kabisa. Kwenye N injini haisaidii breki, na breki zikipata moto mteremkoni hazishiki.

Maswali tutayajibu kwenye lori lenyewe. Tutoke nje, injini imeshapata moto. Utingo wawili watangulie kuweka magogo.